Apandishwe au ashushwe? Mabishano ya Montreal juu ya kijana wa Košice

Msimu wa kwanza wa Juraj Slafkovský katika jezi ya Montreal Canadiens ulikatika Januari 2023, miezi mitatu kabla ya wenzake kumaliza wa kwao. Goti lilikuwa limeumia. Alikuwa na umri wa miaka 18, amecheza michezo 39, amefunga mabao manne na kutoa pasi sita za mabao. Kwa kijana aliyechaguliwa wa kwanza mbele ya chipukizi wote wa mwaka wake, hesabu hiyo ilikuwa ndogo, na Montreal si mji wa kunyamazia jambo kama hilo. Hoki ya barafu huko huzungumzwa kwa Kifaransa na kwa Kiingereza, redioni, magazetini na mezani, tangu asubuhi. Kambi mbili zilikuwa zimeshajipanga. Moja ilisema mtoto amepandishwa kabla ya wakati, ashushwe daraja la pili akaive. Nyingine ilisema ameshapanda, aachwe ajifunze hukohuko juu.

Mabishano hayo yalidumu karibu miaka miwili. Yanastahili kusimuliwa kwa sababu hayakuwa porojo za watu wasio na kazi. Kila upande ulikuwa na kumbukumbu ya kuegemea, na kumbukumbu za Montreal ni ndefu.

Msomaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kupita Barabara ya Mombasa jijini Nairobi huenda ameuona mchezo wenyewe, au walau uwanja wake. Ndani ya jengo la Panari kuna uwanja mdogo wa barafu ambako timu ya Kenya Ice Lions imefanya mazoezi kwa miaka mingi, na mwaka 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama mshiriki wa shirikisho la kimataifa la hoki ya barafu. Kila timu huingiza wachezaji watano na kipa. Wanateleza juu ya viatu vyenye kisu cha chuma, wanagombania kisahani cheusi cha mpira mgumu kwa magongo, na kwa kuwa kasi yake inachosha upesi, hupokezana kwa zamu fupi zisizofika hata dakika moja. Mchezo mzima una dakika 60. Mshambuliaji nyota hucheza kama 20. Slafkovský, msimu ule wa kwanza, alikuwa akipata 12 hivi.

Alifikaje hapo? Mwaka 2021 Canadiens walicheza fainali ya Kombe la Stanley, taji la NHL, ligi kuu ya Amerika Kaskazini, wakafungwa na Tampa Bay. Mwaka uliofuata timu ilianguka vibaya mno ikamaliza ya mwisho katika ligi nzima ya NHL. Utaratibu wa ligi hiyo huwapa walioshindwa nafasi nzuri ya kuchagua chipukizi, na kwa wale wa mkiani bahati nasibu ndiyo inayoamua nani atangulie. Bahati iliiangukia Montreal. Kana kwamba hiyo haitoshi, sherehe yenyewe ya uchaguzi, Julai 7, 2022, ilikuwa imepangwa kufanyika katika ukumbi wao wenyewe, Bell Centre, mbele ya mashabiki wao.

Kwa muda mrefu jina lililotajwa kuwa la kwanza lilikuwa la Shane Wright, kiungo wa Kanada. Huyu alikuwa ameruhusiwa kuingia ligi ya vijana ya Ontario akiwa na miaka 15, ruhusa inayotolewa kwa nadra sana. Slafkovský, winga kutoka Košice, Slovakia, mwenye kimo cha sentimeta 190 na ushei na uzito unaozidi kilo 100, alikuwa amepanda chati ghafla. Februari 2022 kwenye Olimpiki ya Beijing, akiwa na miaka 17, alifunga mabao saba katika michezo saba, akatangazwa mchezaji bora wa mashindano, na Slovakia ikapata shaba, medali yake ya kwanza ya Olimpiki katika hoki. Lakini katika ligi kuu ya Finland, ambako alikuwa akichezea TPS ya Turku dhidi ya watu wazima, alikuwa na mabao matano tu katika michezo 31. Shabiki alikuwa huru kuchagua ni hesabu ipi aiamini.

Jina la Slafkovský liliposomwa, ukumbi ulishangilia na kuguna kwa wakati mmoja. New Jersey wakamchukua Mslovakia mwingine, beki Šimon Nemec, akiwa wa pili. Arizona wakamchukua Logan Cooley. Wright akateremka hadi nafasi ya nne, Seattle. Alipokuwa akipanda jukwaani kamera zilimnasa akiangalia upande wa meza ya Montreal, na mashabiki wakasadiki kwamba amewakazia macho kwa hasira. Mwenyewe alikana baadaye. Haikusaidia kitu. Tangu usiku ule kila bao la mmoja lilihesabiwa dhidi ya mwingine, na tarehe 6 Desemba 2022 Wright alipofunga bao lake la kwanza la NHL, kipa aliyekuwa langoni alikuwa wa Montreal.

Hofu ya mashabiki ilikuwa na mizizi zaidi ya usiku mmoja. Mara ya mwisho Canadiens kuchagua wa kwanza ilikuwa 1980. Mwaka huo kulikuwa na kijana wa Montreal kabisa, Denis Savard, anayezungumza Kifaransa na aliyekulia mitaa ileile, na mashabiki walimtaka. Timu ikamchagua Doug Wickenheiser, kiungo mkubwa wa mwili kutoka mkoa wa Saskatchewan. Savard alikwenda Chicago akiwa wa tatu, akapata pointi 75 (yaani mabao na pasi za mabao kwa pamoja) msimu wake wa kwanza, na maisha yake ya mchezo yakaishia katika Ukumbi wa Heshima. Wickenheiser hakuwahi kufikia lililotarajiwa, na kufikia mwishoni mwa 1983 alikuwa ameuzwa St. Louis. Alifariki kwa saratani mwaka 1999, akiwa bado kijana. Watu waliomfahamu walimheshimu sana, na inauma kwamba kwa mashabiki wengi jina lake limebaki kuwa jibu la swali moja tu: nani alichaguliwa badala ya Savard? Kijana wa Košice aliingia mjini akiwa amebeba jina hilo bila kujua, winga mkubwa wa mwili aliyechaguliwa mbele ya kiungo ambaye watu walimtarajia.

Lakini kumbukumbu hiyohiyo ina ukurasa mwingine, na ni ajabu jinsi unavyosahaulika. Mwaka 1971 Montreal walimchagua Guy Lafleur wa kwanza, na Detroit wakamchagua Marcel Dionne wa pili. Dionne alipata pointi 77 msimu wake wa kwanza. Lafleur alipata 64, kisha 55, kisha 56. Hizo si namba mbaya kwa mchezaji wa kawaida, ila Lafleur hakuletwa awe wa kawaida. Aliletwa kurithi kiti cha Jean Béliveau, aliyestaafu mwaka uleule. Misimu mitatu mizima watu walilalamika kwamba wamepewa siye. Kisha, msimu wa 1974-75, Lafleur akavua kofia ngumu aliyokuwa akiivaa, akaanza kuteleza nywele zikipepea, na akamaliza na mabao 53 na pointi 119. Misimu sita mfululizo hakushuka chini ya mabao 50. Alipofariki Aprili 2022, miezi michache kabla ya usiku wa Slafkovský, mkoa mzima wa Quebec ulimlilia. Wengi wa waliomlilia walikuwa na umri wa kutosha kukumbuka walivyomnung'unikia.

Kwa vijana, hata hivyo, Wickenheiser na Lafleur ni hadithi za babu. Kidonda chao kilikuwa kibichi zaidi, na jina lake ni Jesperi Kotkaniemi.

Huyu alitoka Pori, Finland. Montreal walimchagua wa tatu mwaka 2018 na kumwingiza moja kwa moja katika timu kubwa akiwa na miaka 18. Msimu wa kwanza ulikwenda vizuri, pointi 34 katika michezo 79, na mji ukampenda. Msimu wa pili mambo yakageuka. Michezo 36, pointi nane, mwili ukizidiwa nguvu kila kona. Februari 2020 alishushwa Laval Rocket, timu ya daraja la pili inayochezea ng'ambo ya mto tu kutoka Montreal, na huko akapata pointi 13 katika michezo 13. Alirudi juu, akafunga mabao muhimu safari ya fainali ya 2021, lakini michezo ya mwisho ya fainali yenyewe akawekwa nje. Miezi michache baadaye Carolina wakamwekea mezani mkataba wa mwaka mmoja wa zaidi ya dola milioni 6. Montreal hawakutaka kulipa kiasi hicho, wakamwachia. Miaka mitatu tangu achaguliwe, alikuwa ameondoka.

Ndiyo maana shabiki aliyesema Slafkovský ashushwe Laval hakuwa akimchukia kijana. Alikuwa ameshaiona sinema hiyo. Alijiuliza kwa nini timu inarudia njia ileile, mvulana wa miaka 18 kutoka Ulaya, uwanja mwembamba wa Amerika Kaskazini ambao hajauzoea, mabeki wa miaka 30 wanaomsubiri pembeni. Laval angecheza dakika 20, angefunga, angejiamini. Kulikuwa na hoja ya fedha pia: mkataba wa kwanza wa chipukizi ni wa miaka mitatu, na mwenye umri huo asipofikisha michezo kumi ya NHL, mwaka wa kwanza hausomeki, unasogezwa mbele. Kumchezesha mchezo wa kumi kulikuwa sawa na kuanza kuitumia miaka hiyo mitatu ya bei nafuu.

Kanuni nyingine iliupa mjadala uzito. Kwa makubaliano ya wakati huo kati ya NHL na ligi za vijana za Kanada, mchezaji wa ligi hizo ambaye hajatimiza miaka 20 hakuweza kupelekwa daraja la pili kwa msimu mzima. Ama acheze NHL, ama arudi kwa watoto wenzake. Wright alibanwa na kanuni hiyo: msimu wa 2022-23 alicheza michezo minane Seattle, akapewa siku chache daraja la pili, akaenda mashindano ya dunia ya vijana, kisha akarudishwa Ontario. Slafkovský, kwa kuwa alitoka Ulaya, hakubanwa. Mlango wa Laval ulikuwa wazi kila siku. Uongozi chini ya meneja mkuu Kent Hughes ulichagua kutoufungua.

Sababu waliyoitoa ilihitaji subira kuielewa, na katika mabishano ya namna hii subira huwa haba. Tatizo la Slafkovský halikuwa nguvu wala mikono. Lilikuwa macho. Katika ligi ya Finland, ambako uwanja ni mpana zaidi, na hata zaidi katika ngazi za vijana, mtu mwenye mwili wake huweza kupokea kisahani kwanza, akainua kichwa, kisha akaamua la kufanya. NHL haimpi mtu muda huo.

Chukua hali moja inayojirudia mara kadhaa kila mchezo. Beki wa Montreal amekisukuma kisahani kando ya ukuta, upande wa winga wake. Winga amesimama karibu na ukuta, uso umeelekea lango lake mwenyewe, mgongo umeelekea alikotoka adui. Nyuma yake beki wa upande wa pili anakuja kwa kasi kufunga njia. Winga aliyekomaa ameshatazama begani mara mbili kabla kisahani hakijamfikia. Anajua beki yuko umbali gani, anajua kiungo wake amejongea katikati, na kisahani kinapogusa gongo lake kinaondoka saa ileile. Asiyetazama hukipokea akiwa kipofu. Anainamisha kichwa kukituliza, na mpigo unampata akiwa ameinama. Msimu ule wa kwanza Slafkovský alipigwa hivyo tena na tena, mara nyingine vibaya.

Hughes na kocha Martin St. Louis walishikilia kwamba tabia hiyo haiponi kwa kumpeleka mahali penye wapinzani wapole zaidi, maana huko mwili wake ungemwokoa na kosa lingefichika. Walimweka Montreal akae karibu na Adam Nicholas, anayesimamia maendeleo ya wachezaji, wakipitia picha za michezo na kurudia mazoezi ya kutazama kabla ya kupokea. Kutoka jukwaani, kazi hiyo haionekani. Shabiki aliyelipa tiketi anaona bao au hakuna bao. Kijana anaweza kujifunza kugeuza shingo kwa wakati majuma sita mfululizo na ubao wa mabao usisogee hata kidogo.

St. Louis mwenyewe alikuwa na sababu ya kutohukumu haraka. Hakuna timu iliyowahi kumchagua. Kimo chake kidogo kiliwatisha wote, na klabu ya Calgary ilipompa nafasi mwishoni mwa miaka ya 1990 alimaliza na mabao manne katika michezo 69, kisha wakamwacha aende. Tampa Bay ndiko alikoinuka: mwaka 2004 alikuwa mchezaji bora wa NHL na bingwa wa Kombe la Stanley, na alistaafu akiwa na pointi zaidi ya 1,000. Mtu aliyewahi kuwa na mabao manne hamtazami kijana mwenye mabao manne kama wengine wamtazamavyo. Pengine hiyo haikuandikwa katika mpango wowote wa klabu, lakini ni vigumu kuamini kwamba haikuwa na uzito.

Vuli ya 2023 ilianza vibaya, na kambi ya Laval ikapaza sauti upya. Kijana alikuwa amepona goti, alikuwa anacheza kila mchezo, na mabao hayakuja. Wengi walioutazama mwanzo wa msimu ule wangekiri kwamba kumshusha kulionekana jambo la busara. Kisha St. Louis akampa nafasi ya kudumu pamoja na nahodha Nick Suzuki na mfungaji Cole Caufield, safu ya kwanza ya timu. Hakuwa na takwimu za kuidai nafasi hiyo. Aliwekwa pale kwa kile alichoweza kuwafanyia wale wawili: kuingia pembeni, kumkinga beki kwa mwili, kukichomoa kisahani na kukitoa mapema kwa Suzuki.

Na safari hii alikitoa mapema. Kuanzia majira ya baridi kali pointi zilianza kuja, kwanza pasi, kisha mabao. Tarehe 9 Aprili 2024 alifunga matatu peke yake dhidi ya Philadelphia mbele ya umati wa nyumbani, siku kumi baada ya kutimiza miaka 20. Alimaliza michezo yote 82 akiwa na mabao 20 na pointi 50. Julai 1 ya mwaka huo Canadiens wakamsainisha mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 60.8. Bei ya mwaka mmoja, dola milioni 7.6, ilikuwa imewekwa kwa mtu ambaye nusu mwaka nyuma watu walitaka apande basi la Laval.

Hapo kambi ya pili ilijitangazia ushindi, na hapo ndipo inapofaa kuikatalia. Kufanikiwa kwa Slafkovský kunaonyesha kwamba njia aliyopitishwa ilipitika. Hakuonyeshi kwamba nyingine zilikuwa zimefungwa, na mwaka wake wenyewe wa uchaguzi unatoa ushahidi mzuri ajabu. Nemec, aliyechaguliwa nyuma yake, alipelekwa Utica daraja la pili msimu mzima kabla New Jersey hawajamwita juu Desemba 2023. Cooley hakukanyaga NHL mwaka wa kwanza. Alikwenda Chuo Kikuu cha Minnesota, akapata pointi 60 katika michezo 39, kisha akaingia ligi kubwa tayari anajua kuongoza mchezo, na msimu wa 2024-25, timu ikiwa imeshahamia Utah, alifikisha pointi 65. Wright, ambaye wengi walishamzika, alimaliza msimu wa 2023-24 karibu wote Coachella Valley, timu ya daraja la pili ya Seattle, akapata pointi 47 katika michezo 59. Mwaka uliofuata alifunga mabao 19 juu. Hakuna aliyeharibika kwa kusubiri.

Ushahidi mkali zaidi uko Montreal kwenyewe. Siku ya pili ya uchaguzi uleule wa 2022, wakiwa kwenye jina la 62, Canadiens walimchukua beki mwembamba na mfupi aitwaye Lane Hutson. Klabu ileile iliyomng'ang'ania Slafkovský ilimwacha Hutson misimu miwili kamili Chuo Kikuu cha Boston, akicheza dakika nyingi, akiruhusiwa kujaribu na kukosea na kisahani kwenye gongo lake kila jioni. Alipoingia, alitoa pasi 60 za mabao katika msimu wa 2024-25, akaifikia rekodi ya beki wa msimu wa kwanza iliyowekwa na Larry Murphy, na akashinda tuzo ya Calder ya mchezaji mpya bora. Viongozi walewale, mwaka uleule, watoto wawili, maamuzi mawili yanayopingana, na yote yalifaulu. Mkubwa wa mwili aliwekwa mahali ambapo mwili hauwezi kumficha. Mdogo aliachwa mahali ambapo angekaa na kisahani muda mrefu kuliko NHL ingemruhusu. Swali lililowagombanisha mashabiki lilikuwa juu au chini. Walimu wa vijana hao walikuwa wanauliza kila mmoja amekosa nini, na akifanye wapi mara nyingi zaidi.

Kosa la shabiki, kama ni haki kuliita kosa, ni kuusoma ukuaji kupitia safu moja ya namba. New York Rangers walimpata Alexis Lafrenière wa kwanza mwaka 2020, na kwa misimu mitatu alipata pointi 21, kisha 31, kisha 39. Wengi wakamwita hasara. Katika timu iliyokuwa imejaa nyota, nafasi za kushambulia pale mpinzani anapopungukiwa mtu kwa adhabu zilikuwa za wakubwa, naye alipata makombo. Alipopewa nafasi ya kudumu kando ya Artemi Panarin na Vincent Trocheck msimu wa 2023-24 alifunga mabao 28. Jack Hughes wa New Jersey alianza na pointi 21 katika michezo 61, na miaka mitatu baadaye alikuwa na 99. Nyuma zaidi, Joe Thornton, wa kwanza wa 1997, alianza Boston na pointi saba katika michezo 55, na mwaka 2006 akawa mchezaji bora wa ligi. Namba zilizowahukumu vijana hawa zilikuwa sahihi. Zilikuwa zinapima dakika walizopewa na watu waliowekwa nao, kuliko zilivyowapima wao.

Kwa upande wa Slafkovský mjadala haukufa na mkataba. Msimu wa 2024-25 ulianza kwa kusuasua tena. Alimaliza na mabao 18 na pointi 51, karibu sawa na mwaka uliotangulia, na wapo waliouliza kama bei ya milioni 7.6 imekimbilia mbele ya mchezaji. Lilikuwa swali halali. Winga wa kimo kile aliyefunga mabao 18 alikuwa hajafika alikoweza kufika, na waliompenda hawakumsaidia kwa kujifanya amefika. Ila timu iliyokuwa mkiani mwaka 2022 iliingia michezo ya mtoano, na pale Washington walipowatoa kwa michezo minne kwa mmoja, Slafkovský hakuwa mtoto wa kufichwa tena. Alikuwa miongoni mwa wale wanaotumwa kuwakabili wakubwa wa upande wa pili.

Wakati huo macho ya mji yalikuwa yameshahamia kwa Ivan Demidov, Mrusi aliyechaguliwa wa tano mwaka 2024 na kubaki kwanza na klabu yake, SKA ya Saint Petersburg. Michezo ya SKA ya jioni huangukia kabla ya saa sita mchana kwa saa za Montreal, na majira yote yale ya baridi kulikuwa na watu waliokuwa wakiifuatilia wakiwa kazini. Walichokuwa wakikihesabu kilikuwa tofauti na mwaka 2022. Walihesabu dakika. Kocha Roman Rotenberg alikuwa akimpa Demidov dakika nane, dakika kumi, siku nyingine akimketisha kipindi kizima, na Montreal iliwaka kila mara. Kwa dakika hizohizo chache kijana alipata pointi 49 katika michezo 65, nyingi kuliko mchezaji yeyote chini ya miaka 20 aliyewahi kupata katika msimu mmoja wa ligi hiyo ya Urusi, akiivunja rekodi ya Kirill Kaprizov. Aprili 2025 mkataba wake na SKA ulivunjwa, akapanda ndege, na tarehe 14 mwezi huo akacheza mchezo wake wa kwanza Bell Centre dhidi ya Chicago: bao moja, pasi moja ya bao, vyote katika kipindi cha kwanza.

Kesho yake mashabiki walikuwa wanabishana tena. Hakuna aliyetaja Laval. Walikuwa wanabishana acheze na nani, apewe nafasi gani pale timu inapokuwa na mtu wa ziada, na St. Louis amwachie makosa mangapi kabla ya kumrudisha benchi.